Kumi Kamili

Kwa miaka thelathini na minne hakuna mtu karakanani aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mshono. Jina hilo alilipata siku fundi mkuu wa zamani, mtu mkali ambaye hakuwahi kusifu hata mapishi ya mkewe, alipoinama juu ya shafti aliyoichomelea Mshono, akapitisha kidole kwenye mistari ya chuma iliyolala bega kwa bega, kisha akasema, "Huyu si mchomeleaji, ni mshonaji. Hebu tazameni mshono huu." Maneno yenyewe yalikuwa machache, lakini Mshono aliishi juu yake maisha yote, na mtu akila sifa peke yake kwa miaka mingi, mwisho humvimbisha.

Siku hizo shafti, ule mhimili unaozungusha pampu, ikilika ililetwa kama mgonjwa, imefungwa magunia, imebebwa na watu wawili. Mshono aliilaza juu ya makaa mpaka ipate joto sawasawa. Hakuwa na chombo cha kupimia. Aliitemea tone la mate akasikiliza linavyolia. Kisha aliijaza, mstari mmoja upande huu, mwingine upande wa pili, isije ikapinda. Akimaliza aliizika ndani ya sanduku la majivu lililokuwa kubwa kama kitanda cha mtoto, ilale humo mpaka kesho yake. Ole wake aliyethubutu kuifukua mapema. "Chuma ni kama mzazi," alisema, "kikishajifungua, kiacheni kipumzike." Asubuhi aliifukua, akaigonga kwa nyundo ndogo, akatega sikio. Ikilia kama kengele, ni nzima. Ikilia kama chungu, ina ufa ndani, na kazi ilianza upya bila mtu kununa. Siku hizo kazi kuanza upya haikuwa aibu. Aibu ilikuwa kuitoa nje ikiwa na ufa.

Kisha ikaja leza.

Sanduku la majivu likasukumwa nje hadi karibu na geti, likapandwa maua, na maua yenyewe yakafa. Wachomeleaji sita wakaaga mmoja mmoja, wengine bila hata kuchukua koti. Mashine mpya haikutaka makaa, majivu wala mate. Shafti ilifungwa ikizunguka polepole. Juu yake kichwa kama mdomo wa ndege kikapuliza unga laini wa chuma kisichoshika kutu, ule wanaouita stenlesi, na mwali wa leza ukauyeyusha unga ule hapohapo ukaganda juu ya shafti, tabaka jembamba kama ukucha. Wafanyakazi waliliita tabaka hilo ngozi. Kwa saa moja shafti ilikuwa imevaa ngozi mpya, imepoa, inang'aa.

"Saa moja!" Mshono alimwambia fundi wa kerezo, rafiki yake wa siku zote, mzee mwenzake aliyebaki kwa sababu hata leza inahitaji mtu wa kuchonga baada yake. "Kitu gani cha maana kinaiva kwa saa moja?"

"Wali," fundi wa kerezo akajibu bila kuinua macho. "Na umbea."

Mshono naye alibaki, lakini sababu yake ilimkaa kooni kama mwiba. Aliyeendesha leza alikuwa mke wa mwanawe. Msichana aliyesomea mashine chuoni, akaolewa, akaja kuishi katika nyumba ya nyuma ya uwanja wao, kisha akaajiriwa katika karakana ileile ambamo baba mkwe wake alikuwa mfalme. Mume wake alijenga barabara mbali, akirudi kila baada ya miezi mitatu. Karakana nzima ilimwita Mkwe, kwa utani wa kumkera Mshono: "Mkwe wetu, mashine imekwama!" Naye alicheka tu. Wachomeleaji walipoondolewa, ni yeye aliyekwenda kwa meneja kumwombea baba mkwe wake kazi ya kupima na kuchanganya unga. Hakulitaja jambo hilo nyumbani hata siku moja. Mshono alilisikia kwa watu, na angependa zaidi kama angelisikia kwake, apate angalau cha kukataa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya chumba kidogo chenye meza, mizani, tanuri la kukaushia na mapipa ya unga. Siku ya kwanza Mkwe alisimama mlangoni, hakuketi, maana baba alikuwa amesimama.

"Baba, kwa kila kilo mbili za stenlesi tunatia hii kidogo." Akamwonyesha kopo lenye unga wa rangi ya siagi iliyopauka. "Ni seriamu. Inatokana na madini adimu."

"Ndiyo chumvi yenu?"

"Ndiyo chumvi yetu." Akatabasamu. "Chuma kikiyeyuka kikaganda huota punje, kama sukari. Kikiachwa hivihivi punje zinakuwa kubwa, zimekaa ovyo, na kutu inapita katikati yake. Chumvi hii inazifanya ziwe ndogo, zibanane. Na vitundu vya hewa vinapungua."

"Na ikizidi?"

"Ikizidi haiyeyuki yote, baba. Inabaki ndani ya ngozi kama takataka, na ngozi inapasuka. Ni nusu tu katika mia. Gramu kumi kwa kilo mbili, halafu unaandika kwenye daftari hili mizani ilivyosema."

Mtu aliyekuwa akijaza chuma kwa kiganja na sikio, leo anapimishwa chumvi kama mke mpya anayefundishwa jikoni. Mshono aliitikia kwa kichwa tu. Na kwa wiki tatu za mwanzo alipima vizuri kabisa. Hilo lazima lisemwe.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hilo alimficha hata mkewe aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini. Macho yalikuwa yanakwenda. Wachomeleaji wa zamani walikuwa na mtindo wao: kazi ndogo ya kushikiza tu hawakushusha kinyago usoni. Walifumba jicho moja wakapiga cheche kwa jicho tupu, na aliyeomba kinyago kwa kazi ya namna hiyo alichekwa hadi jioni. Usiku macho yaliwaka kama yametiwa mchanga, wakayalaza chini ya vipande vya kiazi kibichi, asubuhi wakarudi kazini wakitamba. Deni la ujana huo sasa lilikuwa linadaiwa. Ukungu uliotanda mboni za Mshono ulianza kama moshi wa mbali, na kila mwezi ukasogea. Tarakimu nyekundu za mizani zikawa kaa moja tu la moto, limefifia, halina sura.

Angesema. Neno moja tu: sioni. Lakini Mshono asemeje haoni? Jina lote lilikuwa machoni.

Basi akatafuta njia. Aliokota kizibo cha soda sakafuni, akakiondoa kile kipira cha ndani, akakinyoosha kingo kwa nyundo. Siku ambayo jua liliingia vizuri dirishani na macho yalikuwa na nafuu, alijaza kizibo kile unga wa seriamu, akaufuta juu kwa ukucha, akapima. Gramu mbili. Akarudia mara nane, akiinamia mizani mpaka pua iguse kioo. Gramu mbili, au karibu na mbili. Vizibo vitano, gramu kumi. Kuanzia hapo hakuihitaji mizani. Aliiwasha tu ili mtu akipita aone taa. Kwenye daftari, kwa mkono uliozoea kuandika bila kutazama, aliandika: 10.0. Kesho yake: 10.0. Na kesho yake.

Na moyoni alijisifu! Hilo ndilo lililokuja kumuumiza zaidi baadaye kuliko yote. Aliona ameishinda mashine yao kwa kizibo cha takataka. Miezi minane ngozi zilitoka safi, Mkwe akasifiwa, wateja wakaongezeka, na Mshono akawa anacheka kimoyomoyo: wanadhani ni leza.

Kopo la kwanza lilipokaribia kwisha likaja lingine. Unga ulikuwa wa rangi ileile. Mshono aliponyanyua kopo jipya mkono wake ulishtuka. Mbona zito hivi? Alichota kizibo, akakisikia kiganjani, akakisikia tena. Mkono wa fundi hausemi uongo, na mkono wake ulimwambia waziwazi: hii si ile. Unga wa zamani ulikuwa mwepesi kama poda ya mtoto. Huu ulikuwa wa chembe zilizoshikamana, unatiririka kama mchanga mkavu. Ilibaki kumwita mtu yeyote, amwambie, nisomee hapo. Alisimama na kizibo mkononi kwa muda kiasi cha mtu kunywa maji. Halafu akafuta juu kwa ukucha, akamimina, akahesabu tano, akaandika: 10.0.

Unga huo ulikuwa wa shafti sita za pampu za maji ya mji. Mbili zilihitajika haraka, maana mtaa wa juu ulikuwa na pampu moja tu iliyobaki, inayokohoa. Kwa kawaida kila shafti hupakwa dawa nyekundu kabla ya kutoka: dawa inapenya kwenye ufa, inafutwa, inapuliziwa unga mweupe, na kama kuna ufa, wekundu hujitokeza. Mkwe alitaka kufanya hivyo. Meneja akasema, "Lini tumewahi kuona ufa kwenye ngozi yako, Mkwe? Watu hawana maji. Peleka." Zikapelekwa.

Siku ya tisa pampu zote mbili zikasimama. Ngozi ilikuwa imebanduka vipande, maji yakaingia kwenye beringi, zikashikana. Mtaa wa juu, ambako Mshono mwenyewe anakaa, mabomba yakatoa hewa.

Karakanani wakazipaka dawa nyekundu shafti nne zilizobaki. Watu wakakusanyika. Mshono alisimama nyuma, haoni kitu zaidi ya weupe.

"Zikoje?" akamnong'oneza fundi wa kerezo.

"Umeshaona jicho la mlevi?" fundi wa kerezo akasema. "Basi. Mishipa mitupu."

Mshono akapenya mbele. Akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akaigonga shafti kidogo. Ilikuwa kama kugonga chungu. Mkono wake ulikumbuka uzito wa kopo jipya hata kabla kichwa hakijakumbuka.

Alingoja watu waende kula. Akamvuta fundi wa kerezo kwenye chumba cha unga, akafunga mlango, akachota vizibo vitano, akamimina kwenye mizani.

"Nisomee."

"Kwani wewe huna macho?"

"Nisomee, bwana."

Fundi wa kerezo akainama. "Ishirini na sita nukta nne." Kisha akatazama kizibo, akatazama mizani, akamtazama rafiki yake usoni, akiangalia zile mboni zilizopauka kana kwamba anaziona mara ya kwanza. "Mungu wangu. Mshono. Tangu lini?"

"Muda."

"Na daftari?"

Mshono akalifunika daftari kwa kiganja. Fundi wa kerezo akaketi juu ya pipa. Alikuwa mtu wa mzaha kwenye harusi na kwenye matanga, lakini hapo mzaha ulimkauka.

"Sikiliza," akasema. "Umebakiza miezi saba ustaafu. Nani anajua? Mimi sijaona kitu. Yule ni kijana, ana cheti, atapata pa kwenda. Wewe utakwenda wapi na macho hayo? Kitupe kizibo hicho, tuyaache."

Mshono alikitia mfukoni. Hakukitupa, lakini pia hakusema.

Mkwe alifanya kazi siku mbili bila kupumzika. Alikagua nguvu ya leza, mwendo wa mzunguko, upepo wa gesi, umbali wa mdomo wa unga. Alifungua vichujio, akavisafisha, akavirudisha. Aliivika shafti ya majaribio ngozi mara tano. Kila kitu alikigusa isipokuwa chumba kimoja. Alipita mbele ya mlango wa chumba cha unga mara kadhaa, akasalimu, "Shikamoo baba," akaenda zake. Mshono aliitikia marahaba, na kila marahaba ilimtoka kama mtu anayetapika mwiba.

Nyumbani mkewe alikuwa akirudi kutoka kisima cha shule akiwa na ndoo kichwani, mwanamke wa miaka sitini na kitu. "Huko foleni wanasema mafundi wa leza wanapaka chuma rangi tu," alisema akitua ndoo. "Nikawaambia, mume wangu yupo pale. Pale hapatoki kitu kibovu mume wangu akiwapo. Wakanyamaza." Aliona fahari kusema hivyo. Mshono akainuka akaenda uani kwenda kutazama kuku asiowaona.

Alhamisi asubuhi meneja aliwaita wote chini ya paa kuu. Alikuwa na karatasi mkononi na uso wa mtu aliyelala vibaya.

"Mteja anataka kujua kosa ni la nani. Na mimi nataka kujua. Mkwe, umekagua mashine?"

"Nimekagua."

"Ina tatizo?"

"Haina."

"Basi tatizo ni nini? Unga umekuja na cheti. Umepimwa," akainua daftari, akalifungua, "gramu kumi kamili kila siku, mzee wetu hana mchezo. Sasa?"

Macho ya watu yakamgeukia Mkwe. Yeye hakumtazama mtu. Alitazama kurasa zile mkononi mwa meneja, akazitazama kwa muda kidogo, kisha akayashusha macho.

"Mimi ndiye ninayesaini kazi," akasema. "Kosa ni langu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Mshono alipajua. Mtu anaweza kuishi miaka sitini na minne, na maisha yote yakaja kusimama mahali padogo kama pale, kati ya neno la mtu mmoja na jibu la mwingine. Alifungua mdomo. Akahisi kizibo mfukoni, kingo zake zikimkwaruza paja. Akafunga mdomo.

Meneja akasema Mkwe asimame kazi kuanzia siku hiyo, na kwamba Jumatatu barua itakwenda kwa mteja kumtaja, na cheti chake cha kuendesha mashine kitarudishwa kilikotoka. Kuhusu dawa nyekundu ambayo yeye meneja aliiruka, hakugusia. Wakubwa wa sasa kumbukumbu zao zina matundu mahali panapofaa. Lakini Mshono hakuwa na uso wa kumlaumu mtu.

Jioni ile nyumbani Mkwe alikuja na birika na beseni kumnawisha baba mkwe wake kabla ya chakula, kama siku zote. Maji yalikuwa ya ndoo, yale yaliyotoka kisimani kichwani kwa mama mkwe wake, kwa hiyo aliyamimina kwa uangalifu, uzi mwembamba usiopotea. Mshono alinyoosha mikono. Mkwe akamimina.

"Mama," Mshono akasema. Alimwita hivyo tangu siku alipoolewa. "Ulikuwa unajua?"

Uzi wa maji ukakatika, kisha ukaendelea.

"Baba, ile mizani mimi mwenyewe haijawahi kunipa kumi kamili mara mbili mfululizo. Inayumba. Ukipata tisa nukta tisa, kesho kumi nukta mbili. Daftari lako lina kumi kamili kwa miezi minane."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa kazi yako."

"Na ukanyamaza."

"Ngozi zilikuwa zinatoka nzima. Nikasema moyoni, baba ana njia yake." Akatua birika chini. "Halafu ningeanzaje, baba? Ningeingia chumbani kwako niseme nini? Inua macho nikutazame?"

Mshono akatazama mikono yake iliyolowa. Huyu alikuwa amekagua kila skrubu ya mashine kwa siku mbili akitafuta kosa lingine lolote, lolote lile, lisiwe la baba. Na alipolikosa akalivaa mwenyewe. Alikuwa amemsitiri kama watu wanavyomsitiri mzee aliyejichafua mbele ya wageni: wanasimama mbele yake, wanaendelea kuzungumza. Mshono aliwahi kudhani aibu ni kuchekwa. Kumbe kuna aibu ya kusitiriwa, na hiyo haina pa kushika.

Hakula. Mkewe akauliza kulikoni, akamwambia yote, kuanzia kiazi kibichi hadi ishirini na sita nukta nne. Mama yule alisikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Na mimi nikakutetea kisimani," akasema. Akaenda kumpelekea mkwewe chakula, na Mshono akasikia sauti zao wawili nyuma ya ukuta, chini, kwa muda mrefu.

Ijumaa asubuhi aliingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi vizuri, akiwa na makopo mawili kwapani. Katika kopo la zamani mlikuwa mmebaki kiasi cha vizibo vitano au sita. Akaomba mizani iletwe, na akaomba iletwe chini ya paa kuu, mbele ya watu.

"Mzee, mambo ya jana yamekwisha," meneja akasema.

"Hayajaanza. Ita watu."

Walipokusanyika alitoa leso, akaikunjua, akaweka kizibo mezani. Akachota kopo la zamani, akafuta kwa ukucha, mara tano.

"Nisomee, meneja. Mimi sioni."

"Huoni vipi?"

"Sioni. Soma."

"Kumi nukta moja."

Akamwaga, akachota kopo jipya, mara tano.

"Ishirini na..." Meneja akainamia mizani tena. "Ishirini na sita nukta tatu."

"Basi ndiyo hiyo ngozi iliyopasuka," Mshono akasema. "Chumvi mara mbili na zaidi. Mkwe hana kosa hata la punje. Nilikuwa napima kwa hiki, na kwenye daftari nilikuwa naandika uongo, kwa sababu macho yangu yamekufa na niliona haya kusema. Jana alipojitia hatiani yeye nilikuwa nimesimama palepale, na nikanyamaza."

Kisha sauti moja nyuma ikauliza, kwa mshangao wa kweli, "Kizibo cha soda?" Mtu akapasuka kicheko, akajizuia, mwingine akashindwa kujizuia. Kikawashika kama chafya. Mashine ya thamani ile, iliyovuka nchi ndani ya kreti, imelishwa kwa kizibo cha soda! Mshono alisimama katikati ya kicheko kile akiwa ameshika leso. Fundi wa kerezo peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama akikagua kiatu chake, kwa sababu kuna neno alilolisema chumbani ambalo naye angependa lisijulikane. Mshono hakulitaja.

Mkwe alirudishwa kazini Jumatatu, na karipio la maandishi kwamba hakukagua upimaji wa unga. Lilikuwa karipio la haki, na Mshono alilihesabu kuwa lake. Yeye mwenyewe aliambiwa abaki nyumbani. Mkewe alimpeleka hospitali, daktari akasema ni mtoto wa jicho, ukungu ambao ungeweza kutolewa zamani kwa asubuhi moja tu. Asubuhi moja! Hata hilo lilimwaibisha.

Maji ya mtaa wa juu yalirudi baada ya siku kumi na mbili. Wanawake walipiga vigelegele bombani. Mshono aliyasikia yakipiga beseni uani kwake, na hakuinuka mpaka wengine wote walipojaza.

Siku hiyohiyo alasiri Mkwe alikuja barazani na daftari na kalamu nyekundu. Akavuta kigoda.

"Baba, inabidi tujue ni kazi zipi. Wateja waambiwe, waje zipakwe dawa. Nitakusomea tarehe, wewe utaniambia."

"Anza mwisho," Mshono akasema.

Akaanza mwisho. Alisoma tarehe, akasoma kumi kamili, akangoja.

"Kizibo. Kopo jipya."

Akaandika. Akasoma nyingine.

"Kizibo. Kopo jipya."

Kurasa zikageuzwa. Kopo jipya likaisha, likaja la zamani, na neno likabaki lilelile. Kizibo. Kizibo. Mkewe alipita na ndoo tupu, akasimama kidogo, akapita. Mkwe hakuharakisha, wala hakuruka mstari, ingawa angeweza kupiga mstari mmoja tu kutoka juu hadi chini, na Mshono alijua kwamba angeweza. Alimpa kila siku yake aitaje mwenyewe. Sauti ya mzee ikakauka. Akaletewa maji, ya bomba, akanywa funda moja, akaendelea.

Jua lilikuwa limegeuka upande wa pili wa baraza walipofika kurasa za kwanza. Mkwe akasoma tarehe, kisha akasita.

"Tisa nukta nane," akasema.

Mshono aliinua uso wake.

"Hiyo," akasema, "nilipima."

Mkwe hakuandika kitu. Akasoma tarehe iliyotangulia.